Shimo Moja Halitoshi



Mwezi huu tuzungumze juu ya takataka. Msicheke. Najua wapo watakaosema, "Mwalimu amekosa habari ya kuandika." Someni kwanza mpaka mwisho. Habari hii ilianza kwa kifo cha ng'ombe, na sehemu ya lawama ni yangu.

NG'OMBE WA JIRANI

Jirani yangu ni mama mjane. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila asubuhi alimkamua. Maziwa mengine walikunywa watoto, mengine aliuza mgahawani. Kwa fedha hizo alinunua chumvi, sabuni na madaftari ya shule.

Mwaka juzi, baada ya mvua za masika, ng'ombe yule alianza kukonda. Majani yalikuwa tele. Tumbo lake lilikuwa kubwa, lakini mbavu zilihesabika. Maziwa yakapungua, kisha yakakatika. Mama akamwita bwana mifugo. Bwana mifugo akampima, akampa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Asubuhi moja ng'ombe hakuinuka tena.

Bwana mifugo alimpasua ili ajue sababu. Tulikuwapo watu wengi. Ng'ombe ana tumbo la kwanza, lile kubwa, ambamo majani hukaa kabla ya kucheuliwa. Ndani ya tumbo hilo bwana mifugo alitoa bonge zito. Lilikuwa mifuko ya plastiki, kamba za plastiki na vipande vya viroba. Vyote vilikuwa vimesokotana pamoja.

Bwana mifugo akatueleza. Ng'ombe hachambui chakula chake kama mbuzi. Akikuta maganda ndani ya mfuko, humeza maganda na mfuko pia. Plastiki haisagiki tumboni. Wala haipiti kwenda nje. Inakaa pale pale. Leo mfuko mmoja, kesho mwingine. Mwisho tumbo linajaa, na majani hayana nafasi. Ng'ombe anakufa kwa njaa huku tumbo limejaa.

Mama yule akanigeukia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ng'ombe wangu alikuwa anakula wapi? Si hapo kwenye jaa letu?"

Nilikosa jibu. Jaa lile liko kati ya nyumba yake na nyumba yangu. Wiki ile ile mimi mwenyewe nilitupa pale maganda ya viazi. Niliyafunga vizuri ndani ya mfuko, nikajiona mtu msafi.

ZAMANI SHIMO MOJA LILITOSHA

Wazee wenzangu wanakumbuka mwaka 1973. Huo ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakafanya kazi. Walichimba vyoo. Walifyeka majani kuzunguka nyumba. Nyumba nyingi zilichimba shimo la takataka. Mimi nilikuwa kijana, na shimo la nyumbani kwetu nilichimba mimi.

Ile ilikuwa kazi nzuri. Lakini hebu tukumbuke tulitupa nini katika mashimo yale. Tulitupa maganda ya mihogo, majivu, manyoya ya kuku, kikapu kilichochakaa na kibuyu kilichopasuka. Nyama tulifungiwa kwa jani la mgomba. Sukari tulifungiwa kwa karatasi. Karibu vyote vilioza. Shimo likijaa tulilifukia na kupanda mpapai juu yake. Mpapai ulistawi.

Sasa angalieni jaa la leo. Kuna chupa za maji na soda. Kuna pakiti za biskuti, betri za tochi, vioo, nyembe, makopo ya rangi na chupa za dawa za mimea. Serikali iliona hatari hiyo. Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Majirani zetu Rwanda walifanya hivyo mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Marufuku hiyo imesaidia sana. Lakini mifuko ya zamani bado imo ardhini, na mvua inaifukua. Na plastiki za namna nyingine bado zinakuja kutoka dukani kila siku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shimo ni lile lile, lakini takataka si zile zile. Ukizichanganya unapata hasara mara mbili. Majani yaliyooza huwezi kuyapeleka shambani, kwa sababu yana vioo na plastiki. Na chupa huwezi kuiuza, kwa sababu imejaa tope na uozo. Mali mbili zimeharibika ndani ya shimo moja.

MAFUNGU MATATU

Dawa yake ni kutenga. Tena tutenge pale pale nyumbani, kabla ya kutupa. Takataka zikishachanganyika hakuna atakayekubali kuzichambua. Tutenge mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyooza. Haya ni majani ya kufagia uani, magugu, maganda, mabua, mabaki ya mboga na samadi. Hizi si takataka. Ni chakula cha shamba.

Fungu la pili ni vitu vinavyotumika tena au kuuzwa. Hapa kuna chuma chakavu, makopo, chupa za plastiki na chupa za kioo ambazo hazikuvunjika. Jambo hili si geni kwetu. Mafundi wetu wamekata matairi wakatengeneza katambuga miaka mingi. Kopo la maziwa limekuwa koroboi. Debe limekuwa karai na mlango wa banda. Tofauti ni kwamba sasa wapo wanunuzi wanaopima kwa kilo.

Fungu la tatu ni vitu vinavyodhuru. Hivi ni betri, vioo vilivyovunjika, nyembe, sindano na chupa za dawa za mimea na mifugo. Vitu hivi viwekwe ndani ya debe lenye mfuniko, mbali na watoto. Chupa ya dawa ya mimea isitumiwe kamwe kuwekea maji, mafuta au maziwa, hata ikioshwa mara kumi. Ikiisha dawa, isuuzwe mara tatu, na maji yale yamiminwe katika bomba la kunyunyizia, yatumike shambani. Halafu itobolewe ili asiitumie mtu mwingine. Kisha muulizeni bwana shamba ipelekwe wapi.

Mimi nilijaribu kwa wiki moja. Kwetu tuko watu 6. Tulipata madebe 5 ya vitu vinavyooza, na nusu debe tu ya vitu vingine vyote. Basi niliona ukweli. Karibu jaa lote lilikuwa mbolea. Nusu debe ndiyo iliyokuwa inaharibu madebe 5. Jaribu nawe nyumbani kwako, uandike hesabu yako.

TUSICHOME MAJANI

Watu wengi hufagia uani na kuchoma majani. Uwanja unakuwa safi, lakini tumechoma mali. Ndani ya majani kuna naitrojeni, chakula kile kile kinachofanya mahindi yawe ya kijani. Moto ukiwaka, naitrojeni inaondoka na moshi. Yanabaki majivu. Majivu yana faida yake, lakini hayawezi kurudisha kilichoondoka.

Plastiki ndiyo isichomwe kabisa. Moshi wake una sumu. Akina mama wengine huwashia moto wa kuni kwa kipande cha plastiki. Tuache. Mtoto aliye mgongoni ndiye anayevuta moshi ule.

JINSI YA KUTENGENEZA BIWI LA MBOJI

Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba au bustani. Pima upana wa meta moja na nusu. Urefu ni kadiri ya majani uliyo nayo. Lainisha ardhi kwa jembe, kisha panga hivi:

1. Chini kabisa weka vijiti na mabua, ili hewa ipite.
2. Weka majani makavu, unene wa shubiri moja.
3. Weka majani mabichi na maganda, unene wa nusu shubiri.
4. Weka samadi kidogo, au mboji ya zamani. Nyunyiza udongo na majivu kidogo sana.
5. Mwagia maji mpaka yote yalowe bila kuchuruzika.
6. Rudia tena kuanzia namba 2, mpaka biwi lifike kifua cha mtu mzima.
7. Funika kwa nyasi au majani ya mgomba, ili jua na mvua visiliharibu.

Sasa chukua mti mrefu uliochongoka. Uchome katikati ya biwi, uuache humo. Huo ndio kipimo chako. Baada ya siku 4 au 5 uchomoe na uushike. Ukiwa wa moto na unyevu, kazi inakwenda vizuri. Ukiwa mkavu, ongeza maji. Ukiwa umelowa na kunuka, hewa haitoshi. Pindua biwi na uongeze majani makavu.

Baada ya wiki 3 pindua biwi. Ya nje yaingie ndani, ya ndani yatoke nje. Rudia tena baada ya wiki 3 nyingine. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi 3 hivi. Utaijua. Ni nyeusi, inapukutika mkononi, nayo inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ukipanda mahindi, weka konzi mbili katika kila shimo.

Usitie katika biwi nyama, mifupa wala mafuta, maana utaita mbwa na panya. Usitie kinyesi cha watu. Usitie mimea yenye ugonjwa.

Je, mboji inatosha bila mbolea ya dukani? Sitawadanganya. Mbolea ya dukani ina nguvu zaidi na inafanya kazi upesi. Lakini mboji inafanya kazi ambayo ile haiwezi. Inafanya udongo ushike maji. Mvua ikikatika siku kumi, shamba lenye mboji linavumilia. Nayo hainunuliwi. Mnakumbuka mwaka 2022. Bei ya mbolea ilipanda sana, mpaka Serikali ikatoa ruzuku.

Kazi hii wazee wetu waliijua. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Kwa vizazi vingi Wakara wamefuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, na kubeba samadi yote shambani. Huko Kilimanjaro Wachaga wamefanya hivyo katika migomba na kahawa ya vihamba vyao. Mbinga nako, Wamatengo hufukia majani yaliyofyekwa chini ya matuta ya mashimo yao, yaitwayo ngoro. Hakuna kati yao aliyeyaita majani hayo takataka.

MKUTANO WA KITONGOJI

Baada ya kifo cha ng'ombe, mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Maneno yalikuwa mengi.

Mzee mmoja alisema, "Habari ya jaa ni kazi ya wanawake na watoto. Sisi mmetuitia nini?"

Mama mjane akasimama. Akasema, "Shikamoo, baba. Maziwa ya ng'ombe yule mlikunywa ninyi wanaume kule mgahawani. Maziwa yalikuwa ya wote. Kwa nini jaa liwe letu peke yetu?"

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Akasema, "Umenishinda, mwanangu." Tangu hapo mkutano ulikwenda vizuri.

Tulikubaliana mambo manne. Kwanza, kila nyumba itenge mafungu matatu. Pili, nyumba yenye nafasi itengeneze biwi lake. Isiyo na nafasi ilete majani yake kwenye biwi la kitongoji. Tatu, siku ya kukusanya iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo tayari ni siku ya usafi nchini. Nne, kila anayeleta majani aandikwe katika daftari, na mboji igawanywe kwa kadiri ya madebe aliyoleta.

Swali likaja, nani ataandika daftari? Alichaguliwa mama mmoja aliyejifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima. Aliogopa. Alisema, "Mwalimu, nikikosea?" Nikamwambia, "Ukikosea utafuta, uandike tena." Hadi leo hajapoteza debe la mtu hata moja.

TULIYOYAONA

Sitasema kila kitu kilikwenda sawa. Biwi letu la kwanza lilikuwa kavu. Tulilijenga wakati wa kiangazi, na watu waliona uvivu kubeba maji. Lilikaa miezi mitano, majani bado ni majani. La pili tulilitia maji mno. Likanuka mpaka majirani wakalalamika. La tatu ndilo lililotupa mboji. Tulianza kutumia ule mti wa kupimia, na hatukukosea tena.

Mnunuzi wa chupa na chuma chakavu naye hakuja kwa wakati. Mara ya kwanza alikuja. Kisha akapotea miezi mitatu, na chupa zikajaa uani kwa mwenyekiti. Tukajifunza mambo mawili. Chupa zikanyagwe ziwe bapa, ili gunia moja libebe nyingi. Na kabla ya kukusanya, mpate kwanza ahadi ya mnunuzi, na muulize bei katika sehemu zaidi ya moja.

Jambo jingine ni makopo na matairi. Yasiachwe wazi kushika maji ya mvua. Mbu wa homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo, hutaga katika maji machache kama hayo. Mbu huyo huuma mchana. Mwaka 2014 na mwaka 2019 homa hiyo iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam. Toka yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila wiki tupindue na kukausha kila chombo. Hiyo ni kazi ndogo inayofaa watoto wa shule.

Fedha tulizopata si nyingi. Hazikutosha kununua hata mbuzi. Tulinunua reki mbili na karai moja. Lakini msimu uliopita mvua ilikatika wakati mahindi yanachanua. Mistari iliyopata mboji ilibaki ya kijani wiki nzima baada ya mingine kunyauka. Hilo watu waliliona kwa macho yao, na siku hizi sihitaji kumshawishi mtu.

DENI LANGU

Na mama mjane je? Nilikuwa na mtamba mmoja. Nilimpeleka kwake. Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti kwamba amtunze, maziwa yawe yake, na ndama wa kwanza awe wake. Siandiki hili ili nisifiwe. Nilikuwa na deni. Sheria haikunidai, lakini mimi nilijua mifuko ile ilitoka wapi.

Mtamba yule amezaa mwezi uliopita. Ndama ni jike. Anafungwa kando ya mahali palipokuwa jaa. Sasa pana biwi la mboji na migomba mitatu. Juzi nilimwona mama akiokota kipande cha plastiki kilicholetwa na upepo. Alikitia mfukoni mwake, akaendelea na safari ya kisimani.

Ndugu msomaji, usingoje ng'ombe wa jirani afe. Leo jioni, kabla ya kutupa, tenga. Kwaherini, tuonane mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ng'ombe wa mama mjane alikufa kwa sababu gani? Kwa nini dawa ya minyoo haikusaidia?
2. Takataka za mwaka 1973 na za leo zinatofautiana vipi?
3. Taja mafungu matatu ya takataka. Nyumbani kwako, fungu lipi ni kubwa zaidi?
4. Mti wa kupimia ukitoka mkavu, utafanya nini? Ukitoka umelowa na kunuka, utafanya nini?
5. Mzee alisema jaa ni kazi ya wanawake na watoto. Wewe unasemaje? Nani wafanye kazi hiyo katika kitongoji chenu, na siku gani?
6. Mwalimu alisema alikuwa na deni. Je, ni kweli alikuwa na deni? Jadilini.